Mwendo wa Siku Moja



Ndugu wapendwa wa mtaa wetu, halmashauri iliyokaa baada ya Pasaka ilizungumza mengi na kuyamaliza, ila jambo moja likabaki mezani hata padre alipotazama saa yake mara ya pili. Jambo lenyewe ni hili: je, yafaa sisi Wakristo wa Muheza tufunge safari kwenda Unguja kulitazama Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, hali tutakaa huko siku moja tu?

Wale waliokuwapo wanajua jinsi maneno yalivyopanda. Vijana wa kwaya walitaka safari iwe hata kesho. Mama mmoja akasimama akasema paa la sakristia linavuja tangu masika ya mwaka jana, na fedha za machungwa haziokotwi chini ya mchungwa. Mzee mmoja akauliza: kanisa si kanisa? Misa ya huko ni nyingine? Mwingine akasema kwenda Unguja kwa siku moja ni kulamba mwiko na kuacha chungu. Afadhali tusiende kabisa. Na yuko aliyetukumbusha kwamba Kanisa Kuu la dayosisi yetu ya Tanga ni la Mtakatifu Mikaeli, Korogwe, ambako mtu hutoka Muheza asubuhi na jioni akalala kwake. Mwisho padre akatugeukia sisi walimu wastaafu tulioketi nyuma, akasema, “Walimu, andikeni neno katika gazeti letu, tulisome kabla ya kikao kijacho.” Basi ndilo hili. Hatutaficha upande tulioko: twataka safari iwepo. Lakini tunayo sababu, na sababu hiyo si ya kujivunia.

Tufungue kwanza Injili ya Luka, mlango wa pili, kuanzia aya ya 41. Yusufu na Mariamu walikuwa na desturi ya kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Bwana wetu alipotimiza miaka kumi na miwili walikwenda naye. Sikukuu ikaisha, wakashika njia ya kurudi kwao Galilaya, naye akabaki nyuma, wao wasijue. Walidhani yumo katika msafara. Wakaenda mwendo wa siku moja mzima ndipo wakaanza kumwulizia kwa jamaa na marafiki.

Mtu akisoma upesi hushangaa: mama gani huyu asiyejua mwanawe yuko wapi? Lakini sisi tuliowahi kwenda harusini Amani tumepakiwa katika lori hatushangai. Akina baba hudhani mtoto yuko kwa akina mama. Akina mama hudhani yuko mbele kwa baba yake. Na nyimbo zimepamba moto. Kila mmoja ana hakika, na hakuna aliyetazama.

Linalotuhangaisha zaidi ni mahali alipoachwa. Hawakumpoteza mwituni, wala hakutekwa na wanyang'anyi katika mteremko wa Yeriko. Walimwacha katika mji mtakatifu wenyewe, mji walioutembea siku nyingi kwa miguu kwa ajili ya Mungu. Walitimiza yote ya sikukuu wakaondoka, na yule waliyekuwa naye akabaki Hekaluni.

Sasa tuseme habari yetu. Mwaka 1986 sisi walimu watatu tuliwapeleka wanachuo wa ualimu kwenda Unguja. Vijana wale walikuwa wamesoma darasani habari za biashara ya utumwa, na safari ilikuwa ya kuwaonyesha kwa macho. Tuliandika barua, tukaomba ruhusa, tukakusanya nauli shilingi kwa shilingi. Tukapita Dar es Salaam, tukavuka bahari, tukafika asubuhi. Meli ya kurudi ilikuwa siku ile ile jioni.

Wale walio na umri wetu wanaikumbuka miaka ile. Bara palikuwa na uhaba. Sabuni ilipangiwa foleni, na khanga mpya ilikuwa habari ya kijiji kizima. Unguja maduka yalikuwa yamefunguka. Basi tulipofika Darajani tukawaambia wanachuo, “Tupitie hapa kidogo.” Kidogo ile ilikwenda hata saa nane mchana. Sisi walimu ndio tuliokuwa wa mwisho kutoka madukani. Mmoja wetu alinunua redio, mwingine doti nne za khanga, wa tatu sabuni za kujaza kikapu. Halafu tukaanza kuwakimbiza watoto wa watu: angalieni ngome, angalieni Forodhani, andikeni, twende. Tulifika Mkunazini saa kumi jioni, milango imefungwa. Tukasimama nje tukautazama mnara.

Mwanachuo mmoja, msichana wa Kibondei, akauliza, “Mwalimu, ndani mna nini?” Tukamjibu, “Utasoma kitabuni.” Tukaondoka, kwa kuwa meli haimngoji mtu.

Wanaoijua Unguja wanajua kwamba kutoka Darajani hadi lango la kanisa lile ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Tulikuwa tumeshinda karibu nalo tangu asubuhi. Na sisi ndio tuliokuwa tukiwafundisha watoto kuandika ubaoni kwa mwandiko mzuri kwamba haraka haina baraka.

Kwa hiyo ndugu yetu aliyesema siku moja ni kulamba mwiko, twamwelewa. Lakini twamwambia kwamba kosa letu halikuwa ufupi wa siku. Hata tungepewa juma zima tungelimaliza Darajani.

Wala swali hili si la Muheza peke yake. Kijana mmoja tuliyemfundisha, ambaye sasa anasoma Paris, alitupigia simu mwaka huu akatuuliza kama inafaa kutumia siku yake ya mapumziko kwenda mji wa Chartres. Ni kama kilomita 90 kutoka Paris, treni huchukua muda wa saa moja na zaidi kidogo, na wenzake walimwambia huko hakuna kitu ila kanisa. Tulicheka. Kanisa lenyewe liliungua mwaka 1194 likajengwa upya, na madirisha yake ya vioo vya rangi, mengi ni ya miaka 800 hivi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokaribia, watu waliyafungua vipande kwa vipande wakayaficha mbali, kisha wakayarudisha. Mgeni hufika asubuhi, akapiga picha, akala, akarudi jioni. Lakini kila mwaka wakati wa Pentekoste wako watu maelfu watokao Paris kwa miguu kwenda mji huo huo, nao hutembea siku tatu. Tulimwambia kijana aende, asichukue orodha ya mambo kumi ya kutazama, akae chini ya dirisha moja mpaka jua lizunguke. Alituletea jibu fupi: “Nimekaa, mwalimu. Shingo inauma.” Tukafurahi.

Turudi Mkunazini, maana wengi katika halmashauri walilisema kanisa lile bila kujua ni mahali gani. Hapo palikuwa soko la watumwa. Mnamo Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga. Siku ya Noeli ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Edward Steere, aliyekuja Unguja na Askofu Tozer mwaka 1864, na ambaye mwaka 1874 alifanywa askofu, ndiye aliyelisimamia jengo. Alitaka paa la zege la mviringo, la saruji na matumbawe yaliyopondwa, lisilo na nguzo katikati, na watu walisema litaanguka. Halijaanguka. Nyuma kuna nguzo ambazo husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha juu chini askofu alipokuwa safarini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Sisi twaipenda habari hiyo, maana ni vigumu kumwona askofu anayekubali nguzo zilizogeuzwa. Saa ya mnarani husemwa ilitolewa na Sultani Barghash mwenyewe, Mwislamu, kwa nyumba ya jirani zake Wakristo. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Mbele ya altare sakafuni pana duara la marumaru. Hapo ndipo, kwa mapokeo, uliposimama mti wa kuchapia watumwa: mtumwa alifungwa, akapigwa, na yule asiyelia bei yake ilipanda. Leo padre husimama karibu na mahali hapo akiinua Mwili wa Bwana. Karibu hapo pia pana msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, nchi ya Zambia, ule ambao moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake mwaka 1873. Mwili wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba miezi mingi hadi Bagamoyo. Nje, katika uwanja, zimo sanamu za watu watano katika shimo, wamefungwa shingoni kwa minyororo ya kweli. Zilichongwa miaka ya 1990.

Mzee wetu aliuliza kama Misa ya huko ni nyingine. Hapana, mzee wetu, ni ile ile, na Bwana anayekuja juu ya altare ya Muheza hapungui hata chembe. Lakini tukuombe jambo moja. Wewe ulitusimulia zamani, tulipokuwa vijana, habari za babu zako. Alipofariki Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, ufalme wa Usambaa ulipasuka. Jamaa zake walipigana, Wabondei nao wakaasi, na kila upande ulitaka bunduki na baruti. Bei ya bunduki ilikuwa watu. Waliokamatwa katika vilima hivi tunavyoviona kutoka uwanja wa kanisa walishushwa hadi pwani, Pangani, wengine wakaachwa katika mashamba ya miwa, wengine wakapakiwa katika majahazi. Na waliowashusha si wageni tu. Yusufu mwana wa Yakobo hakuuzwa na Wamisri. Waliopokea fedha walikuwa ndugu zake.

Basi wako watu wa Bonde waliokwenda Unguja kabla ya halmashauri yetu. Hawakuulizwa kama safari inafaa. Katika soko lile siku moja ilitosha kwa kila kitu: asubuhi mama na mtoto, jioni kila mmoja na bwana wake. Tukienda, tunakwenda mahali ambapo watu wetu walisimama, na sisi ndio tutakaorudi nyumbani.

Tena wako waliorudi. Watoto waliookolewa katika majahazi walipewa Misheni. Watano wa kwanza walitolewa na Sultani kwa Askofu Tozer mwaka 1864. Ndipo shule ikakua, ikawa chuo cha Kiungani. Na kutoka huko walitoka walimu, mashemasi na mapadre. Cecil Majaliwa, ambaye utotoni alikuwa mtumwa, akapewa upadre mwaka 1890. Vijana wetu wa Bonde walivuka bahari kwenda kusoma Kiungani, wakarudi kufundisha Magila na vijiji vyake. Kwa hiyo kila mwalimu aliyeshika chaki katika wilaya hii anadaiwa kitu na mji ule. Sisi tulikwenda kulipa deni letu mwaka 1986 tukarudi na redio.

Kuhusu Korogwe: twende, na mara nyingi. Ni nyumba ya askofu wetu, na mtu hahitaji halmashauri ili aende kwa baba yake. Lakini Korogwe na Mkunazini havishindani. Zanzibar na Tanga zilikuwa dayosisi moja hadi mwaka 2001. Tukienda kule tunakwenda kwa dada aliyehamia nyumba yake.

Kuhusu paa la sakristia, mama yetu amesema kweli, na hatutaki mtu alijibu neno lake kwa kuimba. Neno la Bwana kuhusu marhamu ya Bethania hutumiwa mno na watu wanaotaka kusafiri. Sisi wastaafu tumekubaliana kutoa mabati na misumari ya sakristia kwanza, kabla mtu hajalipa nauli, na kazi ianze mwezi huu. Kila msafiri atajilipia mwenyewe. Mfuko wa mtaa usiguswe.

Na wale wasioweza kuvuka bahari, kwa miguu mibovu au kwa ukosefu wa nauli, wasidhani wameachwa. Msalabani, Magila, iko mlangoni petu, na ni aibu kwamba wako watoto wa kipaimara Muheza mjini wasioijua. Misheni ilifika pale mwaka 1868. Mwaka 1911 Askofu Frank Weston alianzisha Chama cha Mateso Matakatifu, na masista wake waliuguza na kufundisha wazee wetu pale. Weston mwenyewe alifariki Hegongo tarehe 2 Novemba 1924, na kaburi lake liko Magila. Askofu wa Zanzibar amelala kwetu, na sisi hatuendi hata kufyeka nyasi. Tunaomba sikukuu ya Msalaba Mtakatifu, tarehe 14 Septemba, mtaa wote uende pale, wagonjwa kwa gari, wenye nguvu kwa miguu.

Sasa siku yenyewe. Halmashauri ilipendekeza Jumamosi. Sisi twaomba iwe Jumapili. Tuondoke Muheza Ijumaa, tulale Dar es Salaam kwa ndugu zetu Waanglikana, Jumamosi tuvuke, tulale. Jumapili asubuhi tuingie Mkunazini kama waumini wanaoingia kanisani kwao, si kama watalii. Tukae katika Misa. Baada ya Misa tusiondoke. Tukae saa nzima, kimya, kila mtu mahali pake. Asiyejua la kuomba awaombee wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Akina baba wawaangalie watoto wao kwa macho, wasidhani wako kwa akina mama. Halafu tule, na jioni meli. Ngome, Forodhani na kadhalika tutaviona tukipita, na tusipoviona havitaondoka. Darajani hatupiti. Mwenye kutaka khanga aagize kwa jirani.

Mariamu na Yusufu walipogundua waliuacha msafara wakarudi njia ile ile, na walimkuta baada ya siku tatu. Injili haisemi kwamba walilaumiana njiani, ingawa tumeishi katika ndoa muda wa kutosha kudhani kwamba neno moja mawili yalisemwa. Walirudi, hilo ndilo lililoandikwa. Sisi tumechelewa miaka mingi kuliko siku tatu.

Yule mwanachuo wa Kibondei aliyetuuliza ndani mna nini alikuwa mwalimu mwema. Amestaafu, anaishi upande wa Mkanyageni, magoti yanamsumbua. Mwezi uliopita alitukuta sokoni akatuambia, bila ya hasira, kwamba alifundisha somo la soko la watumwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka yuko mtoto aliyemwuliza ndani ya kanisa lile mna nini, naye akawaambia watasoma kitabuni.

Daftari la majina liko kwa katibu wa mtaa, hufunguliwa kila Jumapili baada ya Misa ya pili. Jina la kwanza ni lake. Vijana wawili wa kwaya wamekubali kumshika mkono wakati wa kupanda meli na wakati wa kushuka, na kiti cha mbele katika basi, upande wa mlango, asikikalie mtu mwingine.